Kwa mnaoanza ualimu sekondari huku Tanga: mtoto kukaa kimya sio kwamba hawazi

Wadogo zangu mnaoripoti Tanga, iwe mjini, Muheza, Pangani au kule juu Lushoto, nisikilizeni kwa hili maana linaniuma sana. Utaingia fomu wani, utauliza swali kwa Kiingereza, darasa zima kimya, macho kwenye madaftari, na wewe ndo kwanza umetoka chuo utasema moyoni hawa vichwa vizito. Usiseme hivyo. Wengi wao msingi yote wamesoma kwa Kiswahili, wengine nyumbani na bibi ni Kibondei au Kisambaa, halafu ghafla kila somo Kiingereza, kwahiyo kilichokwama ni mdomo, akili iko palepale.

Najua chuoni mmekutana na Benjamin Lee Whorf, yule Mmarekani mkaguzi wa bima ya moto aliyekuwa anachambua lugha ya Wahopi, wenyeji asilia wa Marekani, na wengi mmetoka na wazo kwamba lugha ndo inakupangia uwaze nini. Tahadhari jamani. Whorf alidai lugha ya Wahopi haina muda kama tunavyoujua, ila 1983 mtaalamu wa lugha Ekkehart Malotki akatoa kitabu kinene kimejaa namna wanavyoutaja. Na 2005 watafiti wakaeleza habari za wanaume watatu ambao ubongo wao uliharibika upande wa lugha, ukiwaambia simba kaua mtu au mtu kaua simba hawajui nani kaua nani, lakini hesabu za kutoa na kugawanya wanazifanya. Lugha inakuzoesha kuangalia vitu fulani, hilo nakubali kabisa, wasemaji wa Guugu Yimithirr kule Australia wanaelekezana kwa kaskazini na kusini badala ya kushoto na kulia kwahiyo muda wote wanajua wameelekea wapi. Kukuzoesha ni kitu kimoja, kukufungia ni kingine.

Sasa njoo darasani. Nilikuwa nafundisha kuelea na kuzama, nikauliza kwa Kiingereza hakuna mkono. Nikauliza kwa Kiswahili, chombo kilichopakiwa mzigo mtoni Pangani kikiingia baharini kinakaaje? Kijana mmoja ambaye kwao wavuvi akasimama, kinanyanyuka kidogo mwalimu, maji ya chumvi mazito yanakibeba zaidi, tena akaonyesha kwa viganja. Hiyo ni densiti yote jamani, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake! Alikuwa nayo kabla hajaniona mimi.

Kwahiyo waacheni wajadili kwanza kwa Kiswahili, dakika chache tu, na akinong'ona peke yake anapokokotoa usimnyamazishe, mwanasaikolojia wa Kisovieti Vygotsky alishaeleza kwenye kitabu kilichotoka 1934 kwamba mtoto anajisemesha kwa sauti ili ajiongoze, baadae ile sauti inaingia ndani. Wakishaelewa ndo mjenge sentensi za Kiingereza pamoja ubaoni, moja moja, na hapa msilegee kabisa maana mtihani wa taifa hautawauliza kwa Kiswahili. Kwenye kusahihisha angalia na mchoro, angalia hatua za hesabu, mara nyingi wazo lipo pale hata kama sentensi imevunjika.

Na kuna shule mtoto akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Ukipangwa zamu ya kusimamia hicho kibao nenda kwa mkuu wa shule kwa heshima zote, mwombe akupe darasa moja kwa muhula mmoja ufundishe hivi, halafu mkae naye mpitie madaftari.