Gaidi naye mahakama ya kawaida ya nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nilikuwa darasa la tano hapa Dar siku ile bomu limelipuka ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, mpaka leo tairi ya lori ikipasuka nashtuka. Juzi kijiweni tumebishana kuhusu yule Mzanzibari Ahmed Ghailani aliyeshtakiwa kwa mabomu hayo, mshkaji akasema korti ya kiraia New York ilimfutia mashtaka zaidi ya 280, sasa si bora wangemwacha Guantanamo, ile jela ya jeshi la Marekani kule Cuba, wanajeshi wamalizane naye?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba. Mshkaji wako hajadanganya, ila kakupa nusu ya stori. Kweli Novemba 2010 juri ilimwona hana hatia kwenye mashtaka zaidi ya 280, likabaki moja, kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali ya Marekani. Lakini kesi sio mpira useme kafungwa moja kashinda 280, hilo moja lilitosha, Januari 2011 Jaji Lewis Kaplan akampa mvua ya maisha.

Kilichoibana serikali ni nini? Kulikuwa na shahidi aliyetegemewa aje aseme alimuuzia Ghailani baruti, jaji akamkataa kabla kesi haijaanza, kwa sababu jina lake lilimtoka Ghailani akiwa kwenye jela za siri za CIA, majasusi wa Marekani, anahojiwa kwa nguvu. Na jaji akaandika kabisa kwamba hata kwa wanajeshi haikuwa na uhakika huyo shahidi angepokelewa. Kwa hiyo ushahidi waliharibu waliomkamua, sio korti, mi hapo huwa sielewi watu wanamlaumu vipi jaji.

Halafu wanajeshi wenyewe wamemaliza kesi ngapi? Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, alikamatwa 2003, kasomewa mashtaka Guantanamo Mei 2012, miaka zaidi ya 10 baadae bado inapigwa kalenda tu. Ghailani kafika New York Juni 2009, haijaisha miaka miwili kashafungwa. Na kabla yake, Mei 2001, korti hiyohiyo iliwatia hatiani watu wanne wa mabomu hayahaya ya Dar na Nairobi, mmoja Mzanzibari mwenzake, Khalfan Khamis Mohamed, wote wakaja kupewa maisha Oktoba mwaka huohuo, na siku wanatiwa hatiani hata Septemba 11 ilikuwa haijatokea na sikumbuki mtu kuuliza wanajeshi wako wapi.

Ila usije ukadhani korti ya kiraia ndo haki moja kwa moja, masheikh wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar, hapa kwetu walisota mahabusu miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, mpaka DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka, akaifuta kesi 2021.

Mi ninachokiangalia ni wale watu 11 waliouawa hapa Dar na 213 wa Nairobi. Siku Ghailani anahukumiwa, waliofiwa na waliojeruhiwa walisimama palepale kortini, mlango wazi, wakamweleza alichowafanyia na yeye kakaa anasikiliza.