Kiwanja cha makazi, unaruhusiwa kuweka fremu?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kujenga fremu za maduka kwenye kiwanja cha makazi. Fungua hati yako uangalie sharti la matumizi. Likisomeka "makazi" tu, fremu haziruhusiwi, hata kama jirani anazo. Likisomeka "makazi na biashara", endelea na taratibu za kibali cha ujenzi.

Kwa Tanzania, mgawanyo huu wa matumizi ya ardhi hutoka kwenye mchoro wa mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007: makazi, biashara, viwanda, huduma za jamii, maeneo ya wazi. Na si jambo la juzi. Dar es Salaam wakoloni waligawa mji kwa namna ya ubaguzi: Uzunguni, Uhindini, halafu Kariakoo kwa Waafrika, Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati.

Kama bado unazitaka fremu, nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri ukaombe kubadilisha matumizi. Barua ya mtendaji wa mtaa peke yake haitoshi, hata dalali akikuapia. Ukijenga kabla ya kibali, utakuta alama ya X nyekundu ukutani, yaani jengo libomolewe.