Kijana wa leo, baba yake na babu yake: nani alipata mlango wazi?

Mwenye uzi ameuliza kama kijana wa leo ana nafuu kuliko wazazi wake, au ndiye amebebeshwa mzigo mzito zaidi. Wengi wa rika langu wamejibu kwamba vijana wamezoea vya bure. Mimi ni wa Kisumu, nilimaliza kidato cha nne 1990, kundi la pili kufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, na jibu hilo silikubali.

Mzee wangu aliishia darasa la saba. Mwishoni mwa miaka ya sitini akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda cha nguo hapa mjini. Msimamizi akachagua watu, akawaingiza ndani, wakafundishwa mashine huku wanalipwa. Hakuna aliyemuuliza uzoefu. Baadaye akapata nyumba ya manispaa kwa kodi ndogo, na mshahara ule ule ukatusomesha na kumjengea boma kule Seme. Ila tusiipambe sana enzi hiyo. Dada zake hawakupelekwa shule, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilipotoka shule mimi, geti hilo lilikuwa linafungwa. Mitumba imejaa soko la Kibuye, serikali inapunguza wafanyakazi kwa masharti ya Benki ya Dunia na IMF, kiwanda kikafa mzee akiwa bado ana watoto wa kusomesha. Cheti changu hakikuwa kibaya, lakini kila ofisi swali lilikuwa moja: nani amekutuma? Nikatafuta baiskeli kuukuu ya Black Mamba, nikawa nabeba abiria kati ya stendi, Kondele na Nyalenda. Miguu iliuma, lakini jioni nilirudi na unga.

Kuna jambo ambalo watu wa rika langu hulipita haraka wanapojisifu. Kisumu ya miaka ya tisini ilikuwa ya matanga. Ijumaa magari yanabeba majeneza kwenda nyumbani, Jumapili watu wanarudi, Jumatatu unasikia mwingine. Ukimwi ulipotangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, mimi nilikuwa nimeshazika kaka yangu na karibu nusu ya timu yetu ya mpira wa mtaani. Dawa zilikuwapo, ila kwa bei ya matajiri. Hospitali za umma zilianza kuzitoa bure kwa wote 2006. Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi tulivumilia tukatoboa", namuuliza, sisi gani? Wanaosimulia ni wale waliobaki.

Sasa binti yangu. Alianza darasa la kwanza baada ya karo ya shule ya msingi kuondolewa 2003, akasoma chuo kikuu kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi. Akikwama Nairobi namtumia nauli kwa M-Pesa muda huo huo. Mimi ningekwama ningelala stendi. Hayo siyakatai hata kidogo.

Lakini mtazame anavyoomba kazi. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050. Cheti cha CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, cha kuonyesha hana deni baya, zaidi ya elfu mbili, na huku HELB wanamdai. Hapo hajatoa kopi, hajapanda matatu, na pengine barua yake haitafunguliwa. Halafu tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu. Autoe wapi? Ofisi moja ilimweka karibu mwaka mzima kama mwanagenzi bila hata nauli, mimi ndiye nikimlipia chumba. Muda ulipoisha wakamshukuru sana, wakaita mwingine wa bure. Babu yake alilipwa akijifunza kazi. Yeye analipa ili ajifunze.

Mpwa wangu naye yuko kwenye boda, kazi ile ile yangu ila ina injini. Baiskeli ilikuwa mali yangu tangu siku niliyoinunua, na siku ya mvua nililala njaa lakini sikulala na deni. Pikipiki yake ni ya mkopo. Anapeleka pesa kila siku, na akichelewa waliomkopesha wanaizima wakiwa ofisini kwao, hata kama yuko katikati ya barabara ya Kakamega na mteja mgongoni. Shamba la kukimbilia nalo? Kipande cha babu kimegawanywa mpaka kimebaki makaburi na migomba.

Mlio Webuye mnakumbuka kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliposimama 2009. Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule walikosa geti la kusimama, haijalishi wangeamka saa ngapi.

Na huyo mheshimiwa hapo juu aliyeandika kwamba vijana wauze simu wanunue kuku: binti yangu anao kuku, nyuma ya nyumba yangu. Chakula chao kimepanda bei hadi faida ni ya kutafuta na tochi, na wateja karibu wote anawapata kwa WhatsApp. Mheshimiwa amwambie kwanza, akiiuza simu hao kuku atamuuzia nani.