Mgonjwa Akisema "Nimeelewa", Tazama Kidole Chake

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii. Tumetengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa, na ujumbe mfupi kwa wasio na simu janja. Wanadarasa 12 waliijaribu wakaisifu. Kliniki, wazee nao walisema "nzuri tu, nimeelewa". Wiki mbili baadaye kengele zinawaamsha usiku wa manane, na ujumbe hakuna anayeujibu. Tumekosea wapi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Mliuliza badala ya kutazama. Mzee uliyemwamkia shikamoo kisha ukamwonyesha kazi ya mikono yako hatakuvunja moyo; "nzuri tu" yake ni adabu, si matokeo. Mpe jambo la kufanya, kwa mfano kuweka ukumbusho wa dawa ya usiku, kwenye simu yake mwenyewe, halafu unyamaze. Keti ubavuni pake uone kidole kinasita wapi na kinarudi wapi. Mwombe aseme kwa sauti anachowaza. Akikwama, subiri dakika mbili kabla ya kumsaidia, na uandike neno lililokuwa kwenye kioo wakati ule. Kazi nne kwa nusu saa zinatosha. Tena jihadhari na neno "kupima": ukimwambia mgonjwa "tunakupima", ataanza kukunja mkono wa shati. Sema, "Bibi, tunatafuta makosa ya programu hii, ukikwama umetusaidia."

Kengele za usiku wa manane zinanuka tatizo la saa. Nesi kasema saa mbili usiku, mzee akaweka 2:00, simu ikalia saa nane. Hesabu hiyo ya saa sita ni kazi ya programu, si ya mgonjwa. Wekeni vitufe vya Asubuhi, Mchana, Jioni na Usiku, kisha saa za Kiswahili. Saa 2 usiku ihifadhiwe kama 20:00, saa 1 asubuhi kama 07:00. Kabla ya kuhifadhi, kioo kimrudishie kwa maneno: "saa mbili usiku".

Kuhusu ujumbe, angalieni kwanza mtumaji. Ukitoka kwa jina badala ya namba, mgonjwa hana pa kujibu hata akitaka. Pili, hesabuni herufi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini alama moja tu isiyo ya kawaida huushusha hadi 70. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng': ukinakili "kung'amua" kutoka programu ya kuandikia, ile alama yake mara nyingi huja imepinda, na herufi zenu 150 zinakatwa vipande vitatu, mnalipia vitatu. Andikeni alama iliyonyooka, na emoji muziache.

Halafu simu nyingi ni za nyumba nzima. Msitaje ugonjwa wala jina la dawa: "Habari za jioni. Huu ni ukumbusho wako wa saa 2 usiku. Ukimaliza jibu 1. Ukikwama jibu 2." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo chukueni ridhaa ya maandishi, na kibali cha kamati ya maadili ya chuo kabla ya kurudi kliniki.

Wale 12 wa darasani hawawezi kuwasemea wazee. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alionyesha kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro za matumizi, ila wawe watu wa aina moja. Chukueni watano wanaosoma wenyewe na watano wanaosomewa na wajukuu, rekebisheni, kisha mrudie na watano wapya kila kundi. Idadi hiyo ni ya kutafuta kasoro, msiitolee asilimia.

SWALI: Tumetumia SUS (System Usability Scale), dodoso la sentensi 10 la kupima urahisi wa kutumia programu, kwa manesi, tukapata wastani wa 61. Je, ina maana asilimia 61 wameridhika?
Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Hapana. SUS, iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986, hutoa alama kati ya 0 na 100 ambazo si asilimia ya watu. Wastani unaotumika sana kulinganishia ni 68, hivyo mko chini yake. Hakikisheni hesabu kwanza: kila jibu ni kati ya 1 (sikubali kabisa) na 5 (nakubali kabisa); sentensi za 1, 3, 5, 7 na 9, toa 1 kwenye jibu, za 2, 4, 6, 8 na 10, toa jibu kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Aliyejibu 4 kwenye zote za kwanza na 2 kwenye zote za pili ana 30, yaani alama 75. Kisha kagueni tafsiri. Sentensi za namba shufwa zinalalamika, na mkiandika "sikuona si rahisi" nesi mwenye haraka atajibu kinyume. Andikeni "niliiona ni ngumu bila sababu". Fomu yenye 5 kuanzia juu hadi chini wekeni pembeni, mkamuulize mwenyewe alichokusudia.