Anti Nijibu: Mimi mwenyewe nina majonzi, nitamhudumia nani?

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni mstaafu, miaka 66, naishi Tabata. Mama watoto alifariki mwaka jana mwezi wa tisa, tulikaa pamoja miaka 38. Watoto hawajanitupa, hela wanatuma na dada wa kazi wameniwekea. Mirathi nimefuatilia mwenyewe mpaka imeisha na tangu iishe sina hata cha kunitoa nyumbani. Nashtuka saa kumi usiku naangalia dari mpaka kunakucha. Sasa wenzangu wa jumuiya wananiambia baba twende tukaone wagonjwa, ukihudumia wengine na wewe utapona. Mtu mwenye kidonda chake anaendaje kufunga cha mwenzake? Na mimi naona ni kama kumkimbia marehemu. (Baba wa Tabata)

JIBU: Shikamoo baba, na pole sana. Miaka 38 ni maisha yote, usikubali mtu akupangie tarehe ya kumaliza kulia.

Nianze na hilo la kumkimbia marehemu maana naona ndio linalokukaba. Kuna watafiti wa Marekani, mmoja anaitwa Stephanie Brown, mwaka 2008 walitoa utafiti wa wazee waliofiwa na wake au waume zao, waliwauliza kama wanasaidia watu wengine kwa kazi za mikono, mfano kumpeleka mtu mahali, kumsaidia kazi za nyumbani, kumuangalizia mtoto. Wale waliokuwa na majonzi makali na huku wanasaidia wengine, sonona yao, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, ilipungua haraka zaidi kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 18 baada ya msiba kuliko wenye majonzi kama hayo ambao hawakusaidia mtu. Sikwambii ni dawa, inawezekana wengine walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo ndio maana wakaweza kutoka. Ila ona kitu kimoja, waliopata nafuu ni watu ambao majonzi yao yalikuwa makali bado, hakuna aliyesubiri yaishe ndio ainuke.

Na hata huku kwetu tunaliona. Msibani Dar mfiwa anabebwa na shughuli, turubai limefungwa, watu wamejaa, kuna daftari la rambirambi, kuna mtu anauliza maji ya kunywa yako wapi. Shida inakuja viti vya kukodi vikisharudishwa. Wewe baba ukapata na mirathi juu yake, ikakuamsha asubuhi, ikakuvalisha shati, ikakupeleka mahakamani, nayo ikaisha. Sasa kila kitu kinakuja kwako na hakuna kinachotoka kwako. Hela inakuja, chakula kinaletwa mezani, pole zinapigwa kwenye simu. Watoto wanafanya hivyo kwa mapenzi kabisa na Mungu awabariki, lakini mama alipokuwepo kulikuwa na mtu anakungoja, anayekuuliza dawa umenichukulia, geti umefunga, na nadhani hiyo nafasi ya kuhitajiwa ndio inayokuuma saa kumi usiku pamoja na yeye mwenyewe.

Kwahiyo ushauri wangu, hospitali uiache kwanza kama moyo hautaki, wodi inaweza kukurudisha siku zile kabla hujawa tayari. Anza na kitu ambacho tayari unakijua. Hapo mtaani kwako au kwenye jumuiya lazima kuna mama kafiwa na mume hivi karibuni na hajui hata aanzie wapi. Wewe unajua kikao cha ukoo kinakaaje na muhtasari unaandikwaje, cheti cha kifo kinafuatwa RITA, mahakama ya mwanzo unaingilia mlango gani, tangazo likishabandikwa unasubiri, na kwamba karani akisema njoo wiki ijayo hujaonewa wewe peke yako. Kwa mjane aliyechanganyikiwa hayo ni makubwa kuliko kilo kumi za mchele. Mpeleke, kaa naye kwenye benchi, mshikie bahasha. Usimuamulie mambo ya ukoo wake na usishike hela ya mtu. Nenda na binti yake au jirani yake mmoja ili maneno ya mtaani yasiwaharibie.

Na kwakuwa ni mtu wa jumuiya, fungua Isaya 58 mstari wa 10 uusome taratibu. Unasema ukimfungulia mwenye njaa moyo wako na kuishibisha nafsi iliyoteswa, nuru yako itapambazuka gizani. Imeandikwa gizani baba, kwahiyo hata mwenye kidonda ameitwa.

Jambo moja la haraka. Kama usingizi umekata kabisa, chakula hakipiti, au unapata mawazo kwamba bora na wewe uondoke, hapo usingoje mtu wa kumhudumia, mwambie mtoto wako mmoja leo hii mwende hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pia unaweza kuanzia. Kwenda huko haimaanishi umeshindwa kuomba.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 34, niko Mbagala. Mimi ndio yule wa kuitwa kila kitu. Msibani niko jikoni, harusi mimi mweka hazina wa michango, kikoba mimi katibu, mama mkwe ana presha na sukari anaishi kwangu na kliniki nampeleka mimi, mawifi wanne wote wako hapa hapa mjini kazi yao kupiga simu wifi mama ameamkaje. Zamani nilikuwa nafurahi kusaidia, sasa hivi simu ikiita nasikia hasira, hata swala naswali haraka haraka akili iko kwingine. Watu wananiambia vumilia thawabu zako ziko mbele. Mbona mimi hiyo amani ya kuhudumia siioni? (Dada wa Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huioni kwasababu mengi ya hayo hukuyachagua, yamekuangukia ukashindwa kukataa. Hii nayo imechunguzwa, Netta Weinstein na Richard Ryan mwaka 2010 walionyesha kwamba anayesaidia kwa hiari yake ndio anatoka na raha na nguvu, anayesaidia kwa shinikizo au kwa kuogopa lawama hapati hayo. Wakaona hata anayesaidiwa anafaidika zaidi ukimsaidia kwa hiari, na hili naomba ulifikirie sana, mama mkwe wako anaisikia hiyo hasira hata kama hujafungua mdomo.

Na dini haikukuamrisha ujimalize. Unakumbuka kisa cha maswahaba wa Mtume, Salman na Abu Dardaa? Salman alimtembelea ndugu yake akamkuta mkewe kajiachia, kumuuliza akasema ndugu yako hana haja na dunia. Abu Dardaa alikuwa anafunga mchana, usiku anataka asimame aswali wote. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, mwisho wa usiku ndio wakaamka wakaswali, akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali yako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume swalla Allahu alayhi wa sallam, akasema Salman kasema kweli. Na ile ilikuwa ibada tupu mdogo wangu, sembuse daftari la michango ya harusi!

Sasa tufanye kazi. Mama mkwe ni wenu wote, lakini usiwaambie wewe mawifi, itageuka vita na utaambiwa umemchoka mama yao. Aseme mumeo kwa dada zake, na aseme kitu kinachoshikika, mfano kliniki ya mwezi ujao wifi mkubwa, inayofuata wa pili, na wikiendi moja ya mwezi mama analala kwa mmoja wao. Akisema tu "mnisaidie" kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuja. Kikoba subiri mzunguko uishe mvunje, kabidhi daftari, na kuanzia sasa mkalishe mtu pembeni yako ajifunze. Michango ya harusi kataa kabisa kwa muda, jibu ni "safari hii sitaweza" basi, usitoe sababu maana sababu zitapatiwa majibu.

Jikoni msibani nimekuachia makusudi. Kwenye barua yako yote sijaona ukilalamikia kupika, umelitaja ukapita. Kama pale ndio moyo wako uko, baki napo, na nadhani amani uliyoipoteza utaanza kuiona hapo hapo.

SWALI: Anti mambo, mimi ni mwanachuo niko Ubungo, hela sina. Nilichangia damu walipokuja chuoni nikasikia raha ya ajabu siku nzima, rafiki yangu anasema ukijisikia raha ujue umefanya kwa ajili yako mwenyewe, hapo hakuna thawabu. Ni kweli? (Kijana wa Ubungo)

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana, si kweli. Kuna tofauti kati ya kufurahi na kutaka kuonekana. Riya ni kufanya ili watu wakuone, na kama picha ya mkono na sindano ilienda status kabla hujanyanyuka kwenye kiti hapo ndio ujiulize. Ila furaha yenyewe haina kosa, Mungu anampenda anayetoa kwa moyo wa furaha, na bora uisikie maana ndio itakayokurudisha tena.

Hela pia isikusumbue. Mwaka 2008 huko Vancouver Kanada watafiti waliwapa watu bahasha asubuhi, wengine dola 5 wengine 20, nusu wakaambiwa wajinunulie kitu, nusu wamtumie mtu mwingine. Jioni waliotumia kwa mwingine walikuwa na furaha zaidi, na iwe 5 iwe 20 haikuleta tofauti.

Damu ndio haihitaji hata hiyo. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo zisipungue 50, uwe mzima. Mwanaume anarudia kila baada ya miezi 3 na mwanamke miezi 4, kwahiyo hata wakichelewa kuja chuoni unaweza kwenda mwenyewe kwa watu wa Damu Salama, kuna kituo Ilala Mchikichini. Kula vizuri kabla, kunywa maji ya kutosha, na siku hiyo usipange mpira. Huyo rafiki yako mchukue muende wote.