Faragha ya Mgonjwa: Marejeo Ninayoyaweka Mezani Kwanza

Ukifanya kazi mahali panapotunzwa mafaili ya wagonjwa, swali la faragha huja bila kubisha hodi. Simu inalia mapokezi: "Mimi ni mume wake, naomba tu kujua majibu yake yametokaje." Anayepokea simu anakugeukia wewe. Huo si wakati wa kuanza kupekua mtandaoni. Kwa muda ambao nimekuwa kwenye kazi ya kumbukumbu za tiba, nimeona kwamba kituo kinachotunza siri za watu vizuri ni kile kinachojua jibu limeandikwa wapi.

Anza na sheria yenyewe. Wengi huiogopa, wakakimbilia makala za muhtasari. Mimi husoma kwanza sehemu ya tafsiri ya maneno, kisha isipokuwa zake, yaani mazingira ambayo katazo halitumiki, ndipo nirudi kwenye mengine. Sehemu ya tafsiri hukuambia kama sheria inakuhusu. HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za afya, haimbani kila mtu anayeshika taarifa za afya: inawabana watoa huduma wanaofanya miamala fulani kwa njia ya kielektroniki, bima za afya, vituo vya kuchakata madai ya bima, na wakandarasi wao. Isipokuwa nazo zina uzito wake. Ibara ya 9 ya GDPR, kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inakataza kuchakata taarifa za afya, kisha inataja mazingira yanayoruhusu. Ridhaa ya mgonjwa ni mojawapo tu. Asiyeisoma ibara hiyo hadi mwisho atahangaika kukusanya saini ambazo hakuzihitaji.

Hakikisha pia ni sheria ya nchi unayofanyia kazi. Kituo kimoja kiliwahi kunipa utaratibu wao wa kushughulikia uvujaji wa taarifa niupitie. Uliandikwa vizuri, una nembo na nafasi za saini. Ukurasa wa pili ulisema uvujaji utatolewa taarifa ndani ya siku 60. Hicho ni kikomo cha HIPAA, na hata huko kinaambatana na sharti la kutochelewa bila sababu ya msingi. Sheria iliyowabana wao ilitoa saa 72 za kumjulisha mdhibiti, yaani ofisi inayosimamia sheria hiyo, kama ilivyo kwenye GDPR na kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Walikuwa wamenakili kiolezo cha kigeni na kubadilisha jina la kituo. Lau taarifa zingevuja, wangekuwa wamechelewa wakiamini wana muda tele.

Baada ya sheria, nenda kwa mdhibiti. Nchi nyingi zenye sheria ya aina hii zina ofisi inayoisimamia: Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosimamia Sheria Na. 11 ya mwaka 2022, Marekani ni Ofisi ya Haki za Kiraia ndani ya wizara ya afya. Soma kanuni, miongozo na maamuzi yao kuhusu malalamiko, maana ndiko utakakoona sheria inavyotumika kwa mtu halisi. Wamarekani wana maswali na majibu mengi, vifungu vya mfano vya mkataba na mkandarasi, na programu ya bure ya kutathmini hatari za usalama. Hata ukiwa nje ya Marekani, maswali ya programu hiyo yatakufumbua macho: nani ana nywila, kompyuta ikiibwa nini kitapotea. Tumia maswali yao, ila majibu ya kisheria uyatafute kwako.

Kuna rafu moja ya marejeo watu huisahau, nayo naisisitiza kuliko zote: sheria na maadili ambayo hayana neno "data" kwenye jina. Sheria za afya, sheria za UKIMWI, kanuni za mabaraza ya madaktari na wauguzi. Chukua suala la mgonjwa aliyefariki. GDPR haiwahusu marehemu. HIPAA inawalinda kwa miaka 50 baada ya kifo. Lakini Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani linamtaka daktari atunze siri alizoaminiwa hata baada ya mgonjwa kufa. Ndugu akija kuomba faili la marehemu nawe umeshika sheria ya data peke yake, unaweza kumkabidhi huku daktari wako akivunja kiapo.

Haya yote hayamsaidii aliye mapokezi kama yamefungiwa kabatini. Tengeneza karatasi ya ukurasa mmoja: anayeuliza ni mwenzi, mzazi, mwajiri, bima, polisi, mtafiti. Kila mstari uwe na jibu fupi, namba ya kifungu, na jina la wa kumuuliza. Yule anayepiga simu akidai ni mume anajibiwa kwa upole kwamba majibu hayatolewi kwa simu kwa mtu asiyethibitishwa, na kwamba mgonjwa mwenyewe ataulizwa kama anaridhia. Hata kukiri kwamba mwanamke huyo ni mgonjwa wenu tayari ni kutoa siri. Kwa wengine, kama wale wenye ugonjwa wanaouficha kwa kuogopa kupigwa au kufukuzwa nyumbani, siri hiyo ni uhai wao.

Andika juu ya kila nakala tarehe uliyoichukua na mahali ulipoitoa, maana kanuni hurekebishwa na nakala za zamani huendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Na pale vifungu viwili vinapoonekana kupingana, mwandikie mdhibiti barua, ueleze tukio bila jina la mgonjwa, na jibu lake ulitunze pamoja na sheria yenyewe.