Herufi za gemu zinatoka na ukungu

Swali: Natengeneza ukurasa wa kujiandikisha na bango la mashindano ya gemu hapa mtaani. Nilitaka maandishi ya visanduku kama ya gemu za zamani, nikapakua fonti ya Press Start 2P, nikaiweka pikseli 20. Kwenye kompyuta herufi zina ukungu pembeni, na kwenye simu maneno mengine yanakatika. Fonti ni mbovu au nimekosea mimi?

Jibu: Fonti ni nzima, ndugu yangu. Shida ni hiyo 20.

Press Start 2P inafuata herufi za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 1980, enzi za mashine za kutumbukiza sarafu. Kila herufi imechorwa ndani ya gridi ya visanduku 8 kwa 8. Ukiweka 16, kila kisanduku kinapata pikseli 2 kamili. Ukiweka 24, pikseli 3. Kwa 20 kinapata 2 na nusu, na skrini haiwezi kuwasha nusu pikseli, basi kivinjari kinapaka kijivu pale pembeni. Simu za sasa pikseli zake zimebanana mno, ndiyo maana ukungu umeuona kwenye kompyuta. Kaa kwenye 8, 16, 24, 32.

Hayo ya kukatika yanatokana na Kiswahili chetu chenye maneno marefu. Katika fonti hii "i" inachukua nafasi sawa na "m". Neno WALIOJIANDIKISHA lina herufi 16. Kwa ukubwa wa 24 linahitaji pikseli 384, wakati kurasa za simu nyingi zina upana wa 360 hivi. Lipunguze hadi 16, litachukua 256 na nafasi itabaki. Na ukiwa na neno kama NG'OMBE, kile kialama cha juu nacho kinajitwalia kisanduku kizima, neno linaonekana limepasuka katikati. Hapo sogeza herufi kwa mkono.

Itumie kwenye kichwa, alama za wachezaji na vitufe tu. Masharti ya mashindano yakiandikwa kwa fonti hii hakuna atakayeyamaliza. Ukitaka maelezo yabaki na sura ya zamani, jaribu fonti ya VT323, iliyotokana na herufi za skrini ya DEC VT320, kifaa cha zamani cha kompyuta. Ni nyembamba na inasomeka. Mistari ya Press Start 2P nayo iachanishe, angalau mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, la sivyo inakaribia kugusana.

Kwenye bango huna haja ya kuhesabu pikseli, mradi umpelekee mchapaji PDF yenye maandishi halisi. Mimi niliwahi kupeleka picha ndogo ya JPG, ikavutwa hadi upana wa mita moja, visanduku vikarudi vimevimba kama maandazi. Kama lazima iwe picha, ikuze mara 2, 3 au 4 kamili, huku umezima ule ulainishaji wa kingo kwenye programu yako, kisha ihifadhi kama PNG.